Marehemu wa Mazoezi

Ukiitafuta Jamhuri ya Maridhawa kwenye ramani hutaiona, na usimlaumu mchora ramani; alijaribu, akaambiwa kibali chake bado kinashughulikiwa. Ni nchi nzuri tu. Ina amani, ina wizara nyingi, na wananchi wake ni watu wa adabu, wanaopiga makofi kabla hotuba haijaanza ili wawahi kwenda kupika. Foleni huko haziitwi foleni, zinaitwa mshikamano. Bei hazipandi, zinakua, kama watoto. Na msanii akizeeka huko hatupwi wala hasahauliki. Anatangazwa kuwa Hazina Hai ya Taifa, anavishwa nishani, na tangu siku hiyo hapati kazi tena.

Ndivyo ilivyomtokea Mzee Dismasi Kalembo, mpuliza tarumbeta.

Ujana wake wote Dismasi aliumalizia Viberiti Jazz, bendi ya Shirika la Taifa la Viberiti. Shirika lenyewe lilikufa zamani kwa sababu viberiti vyake vilikuwa haviwaki, lakini bendi iliwaka kwelikweli. Wimbo wao uliovuma kuliko yote uliitwa "Zaituni Punguza Chumvi", na aliyeutunga ni Dismasi mwenyewe, siku aliyokaribishwa chakula kwa shemeji yake akashindwa kukimaliza. Serikali iliupenda wimbo huo mpaka ikaufanya wimbo wa pili wa taifa. Wataalamu waliuchambua, wakagundua kwamba Zaituni ni Taifa, chumvi ni matumizi yasiyo ya lazima, na yule mgeni anayelalamika mezani ni wafadhili. Dismasi alipoulizwa kama ndivyo, alisema Zaituni ni shemeji yake, yuko hai, na chumvi bado anamwaga. Jibu hilo halikutangazwa.

Bendi ilipokwisha alibaki na kibarua cha Jumamosi kwenye baa ya Bwana Mkwizu. Alipuliza, watu wakacheza, akalipwa, akanunua unga na sukari, akarudi kwa mkewe Skolastika, ambaye yeye alimwita Mama Editha kwa jina la binti yao. Hayakuwa maisha makubwa, lakini walikuwa wakicheka.

Kisha ikaja nishani.

Siku ya kuvishwa, Waziri wa Utamaduni, Furaha na Mengineyo, Mheshimiwa Profesa Balozi Mstaafu Kizito Lugendo, alisimama jukwaani akampapasapapasa Dismasi begani kama mtu anayejaribu kochi dukani.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu tumemwacha mzee wetu huyu anahangaika. Anatoka jasho! Anapuliza, jamani, mbele ya walevi! Nawauliza: nani kati yenu mwenye dhahabu yake huitoa kabatini kila Jumamosi akaipeleka baa?"

"Hakunaaa!" uwanja ukaitika.

"Basi kuanzia leo Hazina Hai haitatumika hovyo. Itahifadhiwa!"

Makofi yakalia, na Dismasi naye akapiga kwa nguvu zote, kwa sababu alikuwa bado hajaelewa.

Alielewa Jumamosi. Mkwizu alimsubiri mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo usiingie."

"Marahaba. Nisiingie kwa nini?"

"Wamekuja watu wa Wizara. Wanasema Hazina ikikutwa humu inatoka jasho, wanafunga baa. Na nikikulipa ndiyo kabisa, nitakuwa nimefanya biashara ya nyara za serikali. Mzee, mimi nina watoto."

"Na mimi nitakula nini?"

Mkwizu alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa. "Si wamekupa nishani?"

Sasa, wasiopuliza wanadhani tarumbeta inapigwa kwa mapafu. Inapigwa kwa midomo. Na midomo ya mpulizaji ni kama miguu ya mchezaji mpira: ikiwekwa benchi inalegea, na ya mzee ikishalegea hairudi. Dismasi akaanza kufanya mazoezi nyumbani, ila kabla wiki haijaisha mjumbe wa mtaa akabisha hodi kumjulisha kwamba sauti ya Hazina nayo ni Hazina, na kuitoa bila kibali ni kuitorosha. Akawa anapulizia kwenye mto wa kulalia. Skolastika akikaa jikoni alisikia mumewe analia ndani kama ndama aliyefungiwa, na roho ikamuuma.

Njaa Dismasi aliijua, wamewahi kukutana. Kilichomtisha ni ile asubuhi atakayoweka tarumbeta mdomoni isitoke kitu. Akajiapiza kwamba kabla asubuhi hiyo haijafika atapata kazi ya kupuliza, mbele ya watu, kwa malipo, hata kama ni mara moja.

Akaenda Wizarani.

Alipotokea tu getini, mlinzi alisimama wima. Mapokezi wakasimama. Watu waliokuwa kwenye mshikamano wakasimama, ingawa walikuwa wamesimama tayari, wakajinyoosha zaidi. Wakapiga naye picha mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kisha bila yeye, nishani peke yake. Halafu akapandishwa juu kwa Daktari Fulgensi Mboneko, Mkurugenzi wa Hazina Hai na Vitu Vingine vya Kale, bwana mnene mwenye sauti laini iliyozoea kukataa.

"Mzee wetu! Mzee wa Zaituni! Karibu sana, kaa, kaa. Hapana, si hicho, hicho kina msumari. Enhe, tukusaidie nini?"

"Kazi," alisema Dismasi.

Kicheko cha Mkurugenzi kilianza kikaishia njiani. "Kazi ya namna gani, mzee?"

"Ya kupuliza. Kila siku nasikia wimbo wangu kwenye sherehe zenu. Mnaupiga kwa mashine. Nipeni mimi nipulize, mnilipe."

Mboneko akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ili apate kumwona vizuri mtu anayeomba jambo la namna hiyo.

"Mzee wangu, kazi ni za watu. Wewe umeshapita daraja hilo. Hivi mlima ule pale tunaulipa mshahara? Mto tunaulipa? Wewe uko kwenye fungu hilo sasa. Ni heshima kubwa, wengine tunaitamani."

"Basi tubadilishane," Dismasi alisema.

Mkurugenzi aliona huo ni utani wa wazee, akacheka mpaka akakohoa. Wakamsindikiza hadi getini kwa ngoma ya watumishi, wakamkabidhi ngao ya mti mweusi yenye umbo la tarumbeta.

Nyumbani Skolastika aliipokea ile ngao, akaigonga kwa vidole, akaigeuza upande wa pili.

"Baba Editha," aliuliza, "hii inachemshwa kwa muda gani mpaka iive?"

Zikapita siku za uji. Ndipo Dismasi akafanya jambo ambalo mzee wa heshima hafanyi: alichukua piko ya mkewe, akapaka nywele, akapaka na nyusi, akavaa suruali ya kubana ya mkwewe, akaenda Hoteli ya Fahari kujaribiwa na bendi ya vijana. Jina alilowapa lilikuwa Disi.

Bendi ile ilikuwa na magitaa, ngoma, na vipaza sauti vya kila rangi, na hakuna hata kimoja kilichounganishwa kwenye chochote. Kiongozi wao, kijana mpole aliyeitwa Prospa, alimweleza utaratibu. Muziki unatoka kwenye kompyuta. Kazi ya mwanamuziki ni kucheza, kutabasamu na kuvimbisha mashavu kwa wakati. Zamani, Prospa alisema, kulikuwa na watu waliopiga kweli, lakini waliwachosha wageni kwa sababu leo walipiga hivi na kesho vile.

"Tuanze na 'Zaituni'," akasema. "Unaijua, Bro Disi?"

Dismasi akasema ameisikia sikia.

Kompyuta ikaanza. Gitaa zikaingia, waimbaji wakaingia, na ilipofika zamu ya tarumbeta, mzee akasahau yote aliyoelezwa. Akapuliza. Miezi ya mto wa kulalia ilimtoka yote kwa pamoja. Kwenye kanda yeye wa zamani alikuwa akienda mbio, kijana mwenye haraka zake; yeye wa leo akamjibu taratibu, akamwacha apite, akamngoja kwenye kona. Wahudumu waliokuwa wakitandika meza wakaacha vitambaa mkononi.

Prospa alizima mashine. Hakuwa na hasira, kwa kweli alisikitika.

"Mzee, samahani, maana piko inachuruzika, nimeshaona wewe ni mzee. Unajitahidi. Ila hupulizi kama yule wa kwenye kanda."

"Yule wa kwenye kanda ni mimi."

"Wote wanaokuja hapa wanasema hivyo," alisema Prospa, akampa soda ya njiani.

Dismasi alirudi Wizarani akiwa hana tena aibu ya kulinda. Safari hii alimkuta Mboneko amekaa na mhasibu, wanahangaika na jambo, na Mkurugenzi alipomwona uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota kitu.

"Mzee, umekuja wakati wake! Fungu la wasanii lipo."

"Lipo?"

"Tena nono! Gari maalumu, shada, kwaya, chakula cha waombolezaji, turubai, posho za kamati. Limekaa tu, halitumiki." Akashusha sauti. "Kasoro ni moja, nayo ni ndogo. Hujafa."

Dismasi akasogeza kiti nyuma.

"Sikulazimishi," Mboneko aliongeza haraka. "Kila mtu na ratiba yake. Lakini sikia. Unamkumbuka yule bibi mpiga marimba, Hazina ya kwanza kututoka? Tulimzika bila mazoezi. Mheshimiwa Waziri akasoma hotuba isiyo yake, akamsifu marehemu kwa mabao aliyofunga dhidi ya timu za jirani. Ilikuwa aibu. Sasa tumeagizwa tufanye zoezi la mazishi ya kitaifa, kamili, uwanjani. Tuna kila kitu isipokuwa marehemu. Nafasi hiyo ina posho."

Wenye kuitaka nafasi hawakukosekana. Alikuwepo mpwa wa diwani, ambaye alijikuna ndani ya sanduku akaondolewa. Alikuwepo karani mmoja mstaafu, alilala vizuri sana, ila akakoroma. Zamu ya Dismasi ilipofika, mwenyekiti wa usaili akamuuliza kama ana uzoefu wowote wa kufa.

"Sina," alisema, "lakini tangu mnivishe nishani nimekuwa nikijifunza."

Akaajiriwa papo hapo kuwa Marehemu wa Mazoezi, Daraja la Pili; la kwanza limetengwa kwa viongozi. Akasomewa masharti. Marehemu hakohoi. Marehemu hafukuzi nzi. Marehemu akisifiwa haruhusiwi kutabasamu, na akisingiziwa hajibu. Tarumbeta yake italazwa kifuani kwa ajili ya urembo tu. Na mke wa marehemu ahudhurie, ili zoezi lipate uhalisia.

"Nimepata kazi," alimwambia Skolastika.

Mama Editha aliacha kupepeta. "Ya kupuliza?"

"Ya kulala."

Alipomweleza yote, mwanamke alikuja juu. "Mtu mzima na akili zako! Unakwenda kuingia kwenye sanduku mchana kweupe, watu wakutazame matundu ya pua, kwa posho? Na mimi nikae pembeni nikuombolezee? Baba Editha, hawa watu wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Skolastika akarudia ungo wake. Usiku ule alitoa kabatini ile suti ya kijani ambayo mumewe aliivaa Viberiti Jazz, akaipiga pasi polepole, na asubuhi akamfungia mumewe vifungo yeye mwenyewe.

Uwanja ulijaa. Wanafunzi waliletwa waje kuhuzunika, kila darasa na bendera zake. Sanduku liliwekwa wazi katikati ya majani, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa, na ndani yake Dismasi alilala na suti yake, nishani yake, na tarumbeta kifuani. Skolastika alikaa mkekani pembeni, kanga begani. Alikuwa amepanga kununa tu mpaka mwisho. Lakini alipomwona mzee wake amefumba macho vile, kimya, na jua likimpiga usoni, machozi yakamtoka yenyewe. Mtu wa itifaki alimwonyesha dole gumba kwa kazi nzuri.

Mheshimiwa Lugendo akapanda jukwaani na hotuba, safari hii ya mwenyewe.

"Mzee Kalembo," alisema, "alikuwa mtu wa kujitolea! Hakuwahi kutudai kitu! Hakuwahi kuja ofisini kutusumbua na mambo ya malipo, malipo! Aliipenda kazi yake, na upendo huo ndio uliokuwa ugali wake! Kwa mjane wetu, mama yetu pale mkekani, serikali inasema: tuko pamoja na wewe, msiba huu ni wako, hakuna atakayekunyang'anya!"

Nzi alitua puani kwa Dismasi. Dismasi, mtumishi mwaminifu, alimwacha.

Ukafuata wimbo. Utaratibu ulikuwa hivi: mashine inapiga "Zaituni Punguza Chumvi", na wimbo ukiisha Mheshimiwa anaweka shada, shada likikaa mizinga inalia, mizinga ikilia watu wanakwenda kula. Gitaa zikaingia. Mle sandukuni Dismasi alijisikia kijana. Aliwasikia wenzake wote, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa bila mazoezi. Waimbaji wakaingia, wakamwita Zaituni kwa mara ya mwisho, wakamwachia tarumbeta ijibu.

Na umeme ukapumzika. Huko Maridhawa umeme haukatiki, unapumzika kama mfanyakazi yeyote.

Uwanja ukawa kimya. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuinua shada. Hakuweza kuliweka, kwa sababu wimbo haujaisha. Hakuweza kulishusha, kwa sababu wimbo umeanza. Mtu wa itifaki alifungua kijitabu chake akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga. Wapiga mizinga wakamtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akamtazama Mboneko, Mboneko akaangalia juu kama anayeulizia mvua. Jua liliwaka. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaanguka kwa kizunguzungu, akaondolewa akisifiwa kwa uzalendo.

Dismasi aliyavumilia yote, ila ile nafasi iliyoachwa wazi hakuiweza. Ameijibu sauti ile maisha yake yote. Kuiacha inaning'inia hewani vile, mbele ya umati, ilikuwa kama kusikia mtoto wake anamwita naye amelala tu. Posho akaiona inakwenda. Mikono ikapanda kifuani yenyewe.

Sauti ya kwanza ilitoka vibaya, hewa tupu na mkwaruzo. Midomo ilikuwa mizito kama si yake. Roho ikamwingia baridi, akajua asubuhi ile aliyoiogopa imefika, tena mchana, tena mbele ya taifa zima. Akalowesha midomo, akajaribu tena. Ikaja nyembamba, ikayumba, ikakaa. Kisha ikafunguka.

Wa kwanza kucheza walikuwa mama lishe waliokuwa wakisubiri nyuma na masufuria. Hakuna aliyewapangia. Wakafuata walimu, wakafuata wanafunzi, na mizingani askari mmoja akaonekana bega moja linakwenda. Watu waliimba maneno ambayo mashine ilishindwa kuyamaliza. Skolastika alijishika mdomo kwa kanga, analia na kucheka kwa pamoja, hajui kipi kiende kwanza.

Enzi za dansi Maridhawa ilikuwa na desturi. Mpigaji akikugusa moyo unakwenda hadi alipo, unamtuza noti unayoibandika kwenye paji lake la uso, jasho linaishika. Desturi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa Hazina. Lakini bibi mmoja wa makamo akatoka kwenye umati akicheza, akafika kwenye sanduku, akafungua fundo la kanga yake, akambandika marehemu noti. Nyuma yake akaja mwingine. Mstari ukaundwa, ule ule wa kutoa heshima za mwisho, wa upande mmoja, wenye nidhamu, hata mtu wa itifaki akaukubali. Dismasi alipuliza akiwa amefunikwa noti mpaka kwenye nyusi.

Wimbo ukaisha. Mheshimiwa, mikono ikimtetemeka kwa uchovu, akaweka shada, mizinga ikalia, na watu wakakimbilia chakula.

Mboneko alifika kwenye sanduku akihema, na mfuko mkononi. "Fedha hizi zirudi serikalini! Hazina hailipwi!"

Dismasi alifumba macho. Alikuwa bado kazini.

"Hazina Hai ndiyo hailipwi," alisema Skolastika, akainuka mkekani. "Huyu amekufa. Umemwajiri mwenyewe."

Mkurugenzi akatafakari. Hoja ilikuwa na mashiko. "Sawa. Basi fedha zinazotolewa kwa marehemu ni rambirambi, na rambirambi hukusanywa na Kamati ya Mazishi." Akafungua mfuko.

"Kamati!" Mama Editha aliweka mikono kiunoni. "Haya, niambieni nyie mliozaliwa na watu. Rambirambi wanapewa kamati au anapewa mfiwa? Na mfiwa hapa ni nani? Ni wewe? Umelala naye wewe huyu? Umemfulia soksi? Mheshimiwa si kasema sasa hivi, kwenye kipaza sauti, msiba ni wangu na hakuna wa kuninyang'anya? Au Mheshimiwa kadanganya?"

Wote wakamgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa na njaa, na hotuba yake aliipenda. Akasema serikali haijawahi kudanganya, kwa hiyo rambirambi ni za mjane, kwa hiyo Mzee Kalembo amefariki, kwa hiyo twende tukale.

Skolastika akamtoa mumewe noti usoni moja moja, taratibu, kama anayemfuta jasho, akazifunga kwenye kanga. Kisha akambusu pale zilipokuwa.

Wizara haikuweza tena kugeuza. Mhasibu alieleza kwamba rambirambi zikishapokelewa mtu huwa amekufa, vinginevyo itaonekana zimetolewa kimakosa, na makosa hayo yana tume yake. Dismasi akafutwa kwenye Hazina, nishani ikachukuliwa, ikapelekwa kwa mcheza sarakasi mmoja ambaye tangu hapo hajaruka. Sanduku waliachiwa, kwa kuwa lilikwisha kutoka stoo, na stoo za Maridhawa zina mlango wa kutokea tu. Wakapewa na mwongozo: marehemu anaruhusiwa kupuliza popote, kwa sharti awe amelala.

Mwenye kusema watu hawatakaribisha sanduku harusini hajui watu wa Maridhawa. Walikwisha kuzoea mambo mengi zaidi ya hilo. Wa kwanza kumwita alikuwa Mkwizu wa baa, anamwoza binti yake. Sanduku likaletwa kwa mkokoteni, likapambwa maua, likawekwa karibu na keki. Prospa na vijana wake nao walikuja, wakaomba wafundishwe kuunganisha magitaa yao. Skolastika akakaa mkekani na bakuli, amevaa vizuri, akipokea pole za wageni. Jumamosi zikajaa. Bibi harusi wa Maridhawa ambaye marehemu hakumpulizia alihesabiwa hajaolewa sawasawa.

Kwenye harusi moja, siku ya joto, mzee alikohoa. Bibi wa bwana harusi, kikongwe mwenye amri, akaagiza mito.

"Mkalisheni kidogo, anapaliwa. Nataka na mimi nimwone uso."

Wakamwinua. Dismasi akakaa wima kwenye sanduku lake, mara ya kwanza tangu afe, akawaona watu wanavyocheza. Walikuwa wengi, na wengine wamevua viatu. Akapuliza kwa macho wazi, midomo mikali kama ya zamani, na furaha ikamjaa hata akaogopa kidogo.

Ndipo akaingia mkaguzi kutoka Wizarani, kijana aliyenyoosha kola, akasimama mbele ya sanduku. Ngoma zikapungua. Skolastika akashika bakuli.

"Huyu ameketi," alisema mkaguzi.

"Tunaona," alisema kikongwe.

"Bibi, nakuuliza swali la kiserikali. Mtu huyu yuko hai au amekufa?"

Kikongwe alimtazama kuanzia viatu hadi kola, kama anayemtafutia mchumba.

"Amekufa, mjukuu wangu. Angekuwa hai, nani angemlipa?"

Mkaguzi akafikiri. Alikuwa kijana mwaminifu. Alilitafuta kosa kwenye jibu lile, hakuliona. Akavua kofia, akajipanga kwenye mstari na wengine, na zamu yake ilipofika akambandika marehemu noti kwenye paji la uso, akampa mjane pole. Dismasi alitaka kumshukuru, lakini mdomo ulikuwa na kazi.